Kulisha na kuvisha watawa wa Kibudha: mwongozo kwa aliyealikwa na kwa anayetaka kutoa

Ukikaa karibu na watu wa Sri Lanka, iwe kazini Muscat, iwe masomoni Colombo au Kandy, iwe pale Upanga jijini Dar es Salaam ambako Wasinhala walianzisha hekalu lao mapema katika karne ya 20, siku moja utaalikwa kwenye dane. Ni shughuli ya kulisha watawa. Mara nyingi hufanywa kwa ajili ya marehemu: siku ya saba, miezi mitatu, kisha mwaka. Pia hufanywa kwa nyumba mpya, mtoto aliyezaliwa au mgonjwa aliyepona. Aliyekulia kwenye khitma na arobaini ataona sura yake si ngeni sana: masufuria, majirani, maneno ya kisomo, na wageni wa heshima wanaokula kwanza.

Kuna kanuni moja ambayo ukiishika, mengine yote yatajieleza yenyewe. Mtawa wa Kibudha wa mapokeo ya Theravada, yaani ya Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Laos na Kambodia, haruhusiwi kujichukulia chakula. Chochote kinachopita mdomoni mwake, isipokuwa maji na mswaki wa mti, sharti kiwe kimekabidhiwa na mtu. Hapiki, hachumi tunda mtini, haweki kiporo cha kesho. Embe likidondoka mbele yake na hakuna wa kumpa, litabaki hapo chini. Kwa hiyo mkono wako ndio unaofanya kazi siku hiyo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mkono huo.

Kwanza, suala la imani

Tulimalize mapema. Asiye Mbudha anaweza kuhudhuria, kupika, kupakua na hata kugharimia dane nzima. Hakuna atakayekuuliza dini yako mlangoni. Wenyeji wakianza kutamka amri tano za Kibudha (kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia kilevi), kaa kimya kwa adabu. Hulazimiki kuunganisha viganja wala kuinama. Kuna sinia dogo linalotengwa kwa ajili ya Budha kabla watawa hawajala. Kama dhamiri yako haikuruhusu kulibeba, waachie wenye nyumba, wewe shika bakuli la mchuzi la watu. Nimeona Waislamu na Wakristo wakifanya hivyo bila mtu yeyote kukunja uso.

Alika kwa miguu yako, na hesabu saa kinyumenyume

Mwaliko hautumwi kwa simu kama kuna njia ya kufika. Mwenye shughuli huenda hekaluni na mganda wa majani ya tambuu, huupokeza kwa mikono miwili kwa mtawa mkuu, kisha husema tarehe, sababu na idadi ya watawa anaowaomba. Usiombe mtawa kwa jina. Ukisema "namtaka fulani", umemlisha mtu. Ukisema "naomba watawa watano", umeilisha jumuiya yao, sangha, na kwa mtazamo wa Kibudha hiyo ya pili ndiyo yenye thawabu kubwa zaidi. Jumuiya huanzia watawa wanne, ndiyo maana ni nadra kusikia dane ya nyumbani yenye wawili au watatu.

Kisha saa. Mtawa anakula kati ya alfajiri na saa sita mchana. Ikishapita saa sita, chakula kigumu hakiliki tena mpaka kesho. Dane ya asubuhi hupakuliwa karibu saa moja, ya mchana saa tano. Wanaochelewa ni wale wanaopanga kuanzia jiko kwenda mbele. Panga kuanzia saa sita kurudi nyuma. Wanahitaji kama dakika arobaini za kula, kabla yake kama nusu saa ya kukaribishwa, amri tano na maneno mafupi. Hivyo watawa wawe wamefika saa nne na nusu, na sufuria la mwisho liwe limeepuliwa saa nne. Usafiri wa kuwaleta na kuwarudisha ni jukumu lako. Weka na gari la akiba, maana foleni ya Colombo haina tofauti na ya Morogoro Road.

Jikoni

Mpishi wa pwani yetu hatashindwa na chakula cha Kisinhala. Wali mweupe, dengu zilizoungwa kwa tui, mchuzi wa boga, maharage mabichi, fenesi changa lililopikwa kama nyama, samaki wa nazi, sambo ya nazi iliyokunwa na pilipili, papadi za kukaanga. Mwishoni mtindi wa nyati na asali ya kitul (mti wa jamii ya mnazi), matunda, halafu tambuu.

Nyama ndiyo inayowakwaza wageni wengi, kwa kuwa wamesikia kwamba Mbudha hali nyama. Kanuni ya Theravada iko hivi: mtawa anaweza kula nyama au samaki mradi hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama yule aliuawa kwa ajili yake. Kwa hiyo kile tunachokihesabu kuwa heshima kuu kwetu, kumchinjia mgeni mbuzi, hapa kinaharibu kila kitu. Ukimchinjia kuku na ukamwambia, hawezi kumla. Samaki uliyemkuta sokoni tayari amekufa hana tatizo. Zipo nyama kumi zilizokatazwa kabisa, zikiwemo za tembo, farasi, mbwa, nyoka, simba na fisi, ila sidhani utakwenda dukani kuzitafuta. Familia nyingi siku hiyo huacha nyama moja kwa moja, na mimi nashauri ufanye hivyo: hakuna aliyewahi kulalamikia dengu. Watawa wa Kichina na Kivietnamu ni jambo jingine. Wao hawali nyama hata kidogo, na wengi wao hawagusi vitunguu.

Pombe hapana, hata kwenye keki. Usilete nyama mbichi wala mchele usiopikwa ukidhani utawasaidia. Hawaruhusiwi kuvipokea mikononi. Vikabidhi kwa wahudumu wa hekalu.

Matunda yana utaratibu wake, hasa kwenye mahekalu ya msituni. Tunda lenye mbegu inayoweza kuota, kama chungwa au nyanya, hutakaswa kwanza. Mtawa anasema "kappiyam karohi", yaani lifanye liruhusike. Wewe unalikwaruza au kulichoma kidogo kwa kisu na kujibu "kappiyam bhante". Sekunde tatu tu. Ukiona hilo ni gumu, menya na ukate kila kitu jikoni, utoe mbegu, yaishe.

Chumba

Ondoa meza za kulia. Watawa hukaa kwenye mito iliyopangwa kando ya ukuta, juu ya mikeka iliyofunikwa shuka nyeupe, na wewe unayehudumia huwezi kukaa juu kuliko wao. Kwa mtawa mzee mwenye magoti mabovu weka kiti, na wengine wote wawekee viti pia ili asiwe peke yake. Mbele ya kila mmoja weka glasi ya maji, bakuli la kunawia na kitambaa. Andaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe kwa ajili ya kijisanduku cha masalia matakatifu, ambacho huletwa kutoka hekaluni kikiwa juu ya kichwa cha mwanamume wa nyumba hiyo, mara nyingi na mpiga ngoma akitangulia. Picha zenye watu nusu uchi na chupa za kwenye kabati, zifunike tu.

Mlangoni, mtoto wa kiume au mwenye nyumba huwaosha watawa miguu kwa maji, mwingine huwafuta kwa taulo, kisha watawa hukanyaga kitambaa cheupe kilichotandazwa mpaka ilipo mito. Hii si mapambo. Watu hawa huvua viatu kabla ya kuingia, na wengine wametembea peku.

Ukitaka kuwaita, sema "Bhante". Linafaa kwa mtawa wa nchi yoyote ya Theravada.

Kukabidhi

Baada ya amri tano na sinia la Budha, mwenye shughuli hutamka maneno ya Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, akimfuatisha mtawa: "Imam bhikkham saparikkharam bhikkhu sanghassa dema", tunatoa chakula hiki pamoja na viambatanishi vyake kwa jumuiya ya watawa. Watu huitikia "Sadhu, sadhu, sadhu". Hapo ndipo unapoingia.

Simama au piga magoti karibu, ndani ya dhiraa mbili na nusu, mahali ambapo mtawa anaweza kukufikia bila kunyanyuka. Toa kwa mikono miwili, au kwa kijiko unachokishika. Kitu chenyewe kiwe chepesi kiasi cha kuinuliwa na mtu mmoja wa kawaida. Lile sufuria la wali la watu hamsini haliwezi kuhesabiwa limekabidhiwa kwa kuburuzwa mbele ya mtu. Pakua kwenye bakuli, beba, toa. Kuweka sahani sakafuni na kusema "karibuni" hakutoshi, ingawa kwetu ndio ukarimu wenyewe. Mtawa atakaa akikutazama mpaka umpe.

Mpangilio ni kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na ukubwa huhesabiwa tangu siku ya kupewa daraja la utawa, sio tangu kuzaliwa. Ndiyo maana utamwona kijana wa miaka thelathini na tano ametangulia kwenye safu mbele ya mzee wa sitini aliyeingia utawa akiwa mstaafu. Usipange kwa kuangalia mvi. Watawa wenyewe wamekwisha kupangana. Wewe fuata safu.

Wali hutangulia. Kila sahani ya mchuzi ina mtu wake, na mnapita kwa zamu, mmoja nyuma ya mwingine. Mtawa akifunika bakuli kwa kiganja, imetosha. Usimsihi kama unavyomsihi shemeji. Atakayekula vijiko viwili vya mchuzi wako na kuacha uliobaki hajakudharau. Usipige soga wakati wanakula, na usile pamoja nao.

Wanawake: mtawa hamgusi mwanamke, na mwanamke hamgusi mtawa, hata bahati mbaya ya vidole kwenye ukingo wa sahani. Nchini Sri Lanka mwanamke hukabidhi moja kwa moja, kwa uangalifu. Thailand ni tofauti: mtawa hutandaza kitambaa mbele yake akishika ncha moja, mwanamke huweka kitu juu ya kitambaa, basi. Akina mama wengi wageni hudhani kitambaa kile ni dharau. Mtawa anajilinda yeye mwenyewe. Kanuni ni yake, si yako.

Jambo jingine la Thailand na la watawa wa msituni: chakula kikishakabidhiwa, usikiguse tena, hata kwa nia njema ya kusogeza bakuli. Ukikigusa, itabidi ukikabidhi upya.

Vifurushi, na maji yanayofurika

Wakishamaliza na kunawa, hutolewa zawadi. Ile rasmi huitwa ata pirikara, vitu vinane vya mtawa: shuka tatu za kuvaa, bakuli, mkanda, sindano, wembe na chujio la maji. Hukabidhiwa seti moja kwa jumuiya. Kila mtawa hupewa pia kifurushi chake kidogo.

Hapa nina neno. Maduka yanayouza vifaa vya hekalu, Colombo kama Bangkok, huuza vifurushi vilivyofungwa tayari kwa nailoni inayong'aa, na vingi ni vibovu. Shuka ni nyepesi kama chandarua, bakuli ni la bati la kuchezea. Zile ndoo za rangi ya chungwa za Thailand ndizo zilizokithiri: juu unaona maziwa na biskuti, chini kuna karatasi za kujazia nafasi na dawa iliyokaribia kuisha muda. Hekalu moja likipokea ndoo mia za namna hiyo, limepokea mzigo. Nenda siku mbili kabla, umuulize mhudumu wanachokosa. Mara nyingi utasikia sabuni, dawa ya meno, dawa ya kikohozi, daftari za wanafunzi wa utawa, au bili ya umeme.

Fedha usimwekee mtawa kiganjani. Yapo mahekalu yanayopokea bahasha bila kusita, lakini kanuni inamkataza kushika fedha, na walio makini wataikataa mbele za watu, utaaibika bure. Mpe mwekahazina wa kamati ya waumini.

Kisha watawa huimba shukrani, na familia hukusanyika kuzunguka birika na kikombe kilichowekwa juu ya sahani. Mmoja anamimina, wengine wameshika birika au mkono wake. Wimbo unasema kwamba kama mito inavyojaza bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia waliokufa. Maji yanajaa kikombe, yanafurika hadi kwenye sahani, na humiminwa mpaka wimbo uishe, kwa hiyo mimina kidogokidogo. Watawa wakiondoka, ndipo nyote mnakula.

Shuka

Vazi la mtawa halina kifungo wala mfuko. Ni shuka tatu za mstatili: ya kiunoni, ya juu, na ya tatu yenye kitambaa cha tabaka mbili kwa baridi na kwa shughuli rasmi. Ukiitazama kwa karibu utaona imeshonwa kwa vipande, na mistari ya mishono inaunda vijishamba vyenye matuta. Masimulizi yanasema Budha alipita mashamba ya mpunga ya Magadha, ufalme wa India ya kale, akamwuliza mtawa wake Ananda kama angeweza kushona vazi la mchoro ule, na Ananda akaweza. Kitambaa kilichokatwakatwa hakiuziki tena wala hakiibiki, ndiyo faida yake.

Ukinunua, uliza kwanza mambo matatu: kimo cha mtawa, rangi ya hekalu lake, na aina ya kitambaa. Shuka ya juu ya mtu mzima hukaribia mita 2 kwa mita 3. Rangi si moja: Thailand mjini utaona chungwa, msituni kahawia, Myanmar damu ya mzee, Sri Lanka zote zipo. Rangi ya asili hutoka kwenye kiini cha mti wa mfenesi, uliochemshwa mpaka maji yawe ya manjano ya kahawia. Pamba nzito ni bora kuliko polista, ambayo hufanya jasho lisikauke. Na usishangae ukiona mtawa akichora doa dogo pembeni ya shuka mpya kabla ya kuivaa. Ni sharti, wafafanuzi wa zamani walisema ukubwa wake ni kati ya jicho la unyoya wa tausi na mgongo wa kunguni.

Ipo pia shuka ya kuogea mvuani, inayotolewa mwanzoni mwa masika yao. Aliyeomba ruhusa ya kuitoa ni tajiri mmoja wa kike wa enzi za Budha, Visakha. Alimtuma kijakazi akawaite watawa kula, kijakazi akakuta wanaume uchi wakioga mvuani, akarudi kusema hekaluni hakuna watawa, kuna Ajivaka tu, yaani watawa wa madhehebu mengine wanaokaa uchi.

Kathina

Utoaji wa shuka ulio mkubwa kuliko wote ni Kathina. Watawa hukaa mahali pamoja miezi mitatu ya mvua, kuanzia mwezi mpevu wa Julai hadi wa Oktoba. Mwezi mmoja unaofuata, hadi mwezi mpevu wa Novemba, ndio msimu wa Kathina. Chanzo chake ni watawa thelathini wa Pava waliokwenda Savatthi, mji wa India ya kale, kumwona Budha. Mvua ziliwazuia njiani, na walipofika shuka zao zilikuwa zimeloa chapachapa na kujaa tope. Wakaruhusiwa kupokea kitambaa na kushona pamoja.

Masharti yake ni makali. Kila hekalu hupokea Kathina moja tu kwa mwaka. Wanahitajika watawa watano, wanne wa kukubaliana na mmoja wa kupokea. Hekalu lenye mtawa mmoja au wawili, kama yalivyo mengi ya Afrika, hualika wengine kutimiza idadi. Kitambaa kisitokane na kuomba. Mtawa akikudokeza kwamba shuka yake imechakaa, Kathina hiyo haihesabiki. Kikitolewa kitambaa cheupe, lazima kikatwe angalau vipande vitano, kishonwe, kitiwe rangi na kukauka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anza mapema. Leta kitambaa kilichofuliwa, cherehani mbili, pasi, na mafundi wanaojua. Ukiwa huna mafundi, toa shuka iliyoshonwa tayari, inakubalika na ndiyo inayofanywa na wengi.

Alfajiri shuka hubebwa kichwani kwa maandamano mpaka hekaluni, na kijiji kizima hunyoosha mkono kuigusa ili kila mtu awe ametoa. Iguse nawe. Maneno ni "Imam kathina civaram bhikkhu sanghassa dema". Usimtaje mpokeaji, watawa wenyewe watakubaliana, na kwa kawaida huenda kwa mwenye shuka iliyochakaa zaidi.

Myanmar wanawake hushindana kufuma usiku kucha, kwa mfano kwenye hekalu la Shwedagon huko Yangon, shuka ziwe tayari kabla ya jua kuchomoza. Thailand mfalme hupeleka yake. Oktoba 2024 ilikwenda hekalu la Wat Arun jijini Bangkok kwa msafara wa mashua za kifalme.

Ukiwa barabarani Bangkok au Luang Prabang

Huko hakuna mwaliko. Watawa hupita peku karibu saa kumi na mbili asubuhi na mabakuli yao. Vua viatu, funika mabega na magoti, piga magoti, weka wali kwanza, usiguse bakuli. Mtawa hatasema asante, kwa kuwa anayefaidika ni wewe. Luang Prabang, nchini Laos, pana watalii wengi kupita kiasi. Kama hukuja kutoa, kaa ng'ambo ya barabara, zima mwanga wa kamera, na usimpe mtoto wa utawa peremende ili upate picha. Wali wa kunata ununue kwa anayepika kwake, usiku uliotangulia uagize, kwani wachuuzi wa barabarani wengine huuza kiporo.

Na kama ni Kathina unayoitaka, zungumza na hekalu mwaka mmoja kabla. Nafasi ni moja, na familia nyingine huihifadhi siku ile ile ya Kathina ya mwaka uliopo, kabla hata sahani hazijaoshwa.